Mama Pindo, Fundi Aliyeishi na Kiu

Ndugu, jamaa, majirani, na wateja mliokuja kwa wingi, wakiwemo wale ambao suruali zao bado zimening'inia kibandani zikisubiri kupindwa: poleni. Suruali zitapatikana. Fundi ndiye hatapatikana tena. Tunamsimulia hapa kabla udongo haujamfunika, na tunamsimulia mzima mzima, maana mwenyewe hakupenda mtu asemwe nusu.

Marehemu alikuja duniani Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, nyumbani kwa wazazi wake, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi baiskeli na mkewe. Mkunga alisema huyu ana mapafu ya mwalimu mkuu. Alitambaa mapema, akatembea mapema, akaanza kukimbizana na kuku. Alipofika umri wa miaka minne, polio ilimpitia kama mgeni asiyebisha hodi, ikaondoka na miguu yake. Mama yake alizunguka naye kila mahali palipotajwa kuwa na dawa. Baba yake, mtu wa spana, hakuzunguka popote. Alichukua kiti cha jikoni, akakifungia magurudumu ya baiskeli ya mtoto, akasema, "Miguu ya Mungu imegoma. Tutumie ya dukani."

Kiti kile hakikuweza kilima cha shule ya msingi, kwa hiyo kaka yake alimbeba mgongoni kwenda na kurudi. Wakati wa kurudi kaka alitaka kucheza mpira, na hakuwa na mahali pa kumweka mdogo wake, basi alimfanya mlingoti wa goli. Upande mmoja rundo la mashati, upande mwingine yeye, amekaa ametulia kama malaika. Ilichukua muhula mzima timu pinzani kugundua kwamba goli la kina kaka lilikuwa linapungua upana kila mchezo ukiendelea. Mlingoti ulikuwa unasogea kwa makalio. Aliposhikwa alisema, "Mimi ni mlingoti, sijaapa kiapo cha kukaa pale pale." Kaka yake yuko hapa, na mpaka leo anahesabu ushindi wote ule kuwa halali.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985 na kufaulu vizuri kuliko kaka yake, jambo ambalo kaka halihesabu. Baba akampeleka sekondari. Mwalimu mkuu aliwapokea mlangoni kwa heshima zote.

"Tunamtaka sana huyu binti, kichwa anacho," alisema. "Ila kidato cha kwanza kiko ghorofani."

"Kishusheni," baba akasema.

Mwalimu mkuu alicheka, akidhani ule ni utani. Baba hakucheka, akidhani ile ni shule. Wakarudi nyumbani, na masomo ya marehemu yakaishia kwenye ngazi ya chini kabisa ya jengo ambalo hakuwahi kuliona ndani.

Kazi alifundishwa na shangazi yake, dada wa baba, kwa cherehani ya mkono, kwa sababu ile ya pedali ilitaka miguu. Mwaka 1992 alipata nafasi sokoni, chini ya ngazi za jengo kuu, kipembe ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu kila aliyepanda juu alikimwagia vumbi la viatu vyake. Yeye alikitaka. Alitundika pazia, akaweka cherehani, chaki, mkasi na rula ya mbao, akaanza kupinda mapindo ya nguo za watu, na jina la Mama Pindo likamkaa kabla hajawa mama wa mtu. Kutoka pale chini aliujua mji wote kuanzia magotini kushuka. "Mwenyekiti wa soko leo ana wageni wakubwa," alikuwa akisema, mwenyekiti akiwa bado ngazi ya tatu. Ukimuuliza amejuaje, alijibu, "Soksi zake leo zinafanana."

Sasa tufike kwenye choo, maana hakuna namna ya kusimulia maisha haya bila kufika huko, na yeye mwenyewe angecheka kuona watu wazima waliovaa vizuri wanakwepa neno.

Soko lilikuwa na choo. Tusiseme uongo mbele ya marehemu, kilikuwepo. Kilikuwa nyuma ya mabanda ya mkaa, kimeinuliwa juu ya vidato kama jukwaa la mgeni rasmi, na mlango wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu na tumbo lake waliingia kwa zamu. Ndani ni tundu la kuchuchumaa na sakafu iliyolowa wakati wote, kwa maji ambayo hakuna aliyetaka kujua ni maji gani. Mtu wa kiti cha magurudumu alikuwa na njia moja: ashuke kitini, avae mifuko ya plastiki mikononi, atambae. Miezi ya mwanzo Mama Pindo alitambaa. Siku moja yuko katikati ya sakafu ile, mlango ukafunguliwa, mwanamke mmoja akamruka akisema, "Samahani mama, nimebanwa," kana kwamba yeye alikuwa pale kupiga deki.

Aliporudi kibandani alinawa mikono mpaka sabuni ikaisha. Kisha akaamua kwamba kisichoingia hakitataka kutoka. Kuanzia siku ile hakunywa kitu tangu anapoamka mpaka anaporudi nyumbani jioni. Si chai, si maji, si funda moja la kumezea kidonge. Joto la mchana likishika pale chini ya ngazi, midomo ilimkauka mpaka pini alizozibana mdomoni zikawa zinanasa kwenye ngozi. Wateja wakimletea chai alishukuru sana, kisha akaipitisha kwa jirani yake wa kibanda cha pili, muuza vitasa na makufuli, tuliyezoea kumwita Bwana Makufuli.

"Mama Pindo, unaniponza," Bwana Makufuli alilalamika. "Nanenepa kwa niaba yako."

"Nenepa tu, baba. Wewe una pa kupeleka."

Ndoa yake ilitokana na suruali. Kinyozi wa mtaa wa pili aliileta ipunguzwe kidogo. Wiki iliyofuata akairudisha, bado ndefu. Wiki nyingine tena. Mara ya mwisho Mama Pindo aliishika juu akamwonyesha: "Kaka yangu, hii ilikuja suruali, sasa ni kaptula. Kama una neno, liseme kabla hujabaki uchi." Akalisema. Mama wa kinyozi aliposikia alikuja sokoni mwenyewe kumtazama, akamwambia mwanawe mbele ya watu, "Yaani katika wanawake wote, wewe unaoa kiti?" Mama Pindo alitoa pini mdomoni. "Mama mkwe," alisema, "wenzako wanaoza watoto halafu wanahangaika kutafuta fanicha. Mimi nakuja na kiti changu." Mama mkwe alijaribu kununa, kicheko kikamshinda, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumgusa mkwe wake. Walifunga ndoa Ijumaa, tarehe 8 Agosti 1997. Ofisi ya msajili ilikuwa ghorofani, kama ilivyo desturi ya ofisi zote duniani, lakini msajili yule alikuwa na goti bovu na roho nzima. Alishuka na daftari lake akawafungisha ndoa kwenye ngazi za chini, wapita njia wakisema "samahani, samahani" kati ya kiapo na kiapo. Mungu aliwajalia binti, kisha kijana wa kiume.

Homa zilianza mapema. Zilikuja na maumivu ya kiuno, zikaenda, zikarudi na rafiki zao. Daktari wa zahanati, kijana mwema, alimwambia jambo lile lile kila mara.

"Mama, kunywa maji mengi."

"Daktari, kuyaingiza najua," Mama Pindo alimjibu. "Mlango wa kuyatolea ndio sina."

Ndipo akaanza kudai choo. Hakudai kwa matusi, ingawa alikuwa nayo ya kutosha na ya ubora. Alimwomba mwenyekiti wa soko choo kimoja cha kukaa, mlango mpana, hakuna kidato, vyuma vya kushikia ukutani. Mwenyekiti aliipenda hoja. Aliipenda miaka mingi sana. Aliiweka kwenye ajenda ya kamati, chini ya Mengineyo, na Mengineyo huwa inafikiwa watu wameshavaa makoti. Vikao vilikaa ukumbini, na ukumbi uko juu. Kwenye muhtasari waliandika kila mara kwamba mhusika hakufika kujieleza. Mhusika alikuwa chini ya miguu yao, anasikia viti vikiburutwa. Kikao kimoja alichukua rula yake ya mbao akagonga ngazi kwa nguvu, akagonga tena, akagonga tena. Juu wakaazimia kununua sumu ya panya.

"Mama Pindo, hoja yako tumeipokea kwa mikono miwili," mwenyekiti alimwambia akishuka.

"Ungeipokea kwa mmoja, baba, ule mwingine ushike mwiko wa saruji."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2019 zikaja habari kwamba wafadhili watatembelea soko, na kwamba wafadhili hao wana mapenzi makubwa na watu wenye ulemavu. Choo kilichoshindikana miaka yote kikasimama kabla rangi ya mabango haijakauka. Kilikuwa kizuri, hilo lisemwe. Mlango mpana, sakafu kavu, vyuma vinang'aa, bomba linatoa maji. Alhamisi, tarehe 17 Oktoba, mgeni rasmi alikata utepe, zikasomwa risala, na Mama Pindo akawekwa mbele kabisa kwenye picha kama shada la maua. Walipomaliza naye aliomba aingie. Akaingia, akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu, mpaka mume wake akaanza kubisha akidhani ameanguka. Hakuwa ameanguka. Alikuwa anaimba. Alipotoka aliomba chupa ya maji, akainywa yote mbele ya soko zima mpaka ikalia tupu, na watu wakampigia makofi kuliko walivyompigia mgeni rasmi. Bwana Makufuli alilia waziwazi, akisingizia vumbi.

Asubuhi iliyofuata alikunywa chai nyumbani, akaongeza kikombe. Mume wake alisimama na wembe mkononi akimtazama kama mtu anayeona mvua ya kiangazi. "Unanitazama nini?" Mama Pindo akasema. "Na wewe nenda kazini."

Sokoni, ilipofika saa ya kwenda chooni, alikwenda. Mlangoni palikuwa na kufuli la shaba, jipya, kubwa kama ngumi.

Ufunguo uko wapi? Uko ofisini. Ofisi iko wapi? Juu. Bwana Makufuli alipanda mbio, akashuka polepole.

"Mwenyekiti hayupo. Ameenda semina, na ufunguo ameondoka nao mfukoni."

"Semina ya nini?"

Bwana Makufuli alitazama viatu vyake. "Ya huduma kwa watu wenye ulemavu." Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Na kufuli nilimuuzia mimi jana jioni, dada. Alisema ni la ghala."

Chombo cha kukatia hakikuwepo, funguo za akiba zilikuwa zimechukuliwa zote. Wakajaribu kumkimbiza kwenye choo cha zamani. Palikuwa na foleni na vile vidato. Mama Pindo akasema wamrudishe kibandani, washushe pazia, waondoke. Alichukua kitambaa cha sare za shule kilichokuwa mezani akajitandikia magotini. Walioko karibu walisikia cherehani ikizungushwa kwa kasi bila nguo, kwa muda, halafu wakasikia imenyamaza.

Mteja mmoja alifungua pazia kidogo, akauliza kama sare ya mtoto wake iko tayari.

"Njoo kesho, mwanangu," Mama Pindo alimwambia. "Imelowa."

Mume wake alikuja kumchukua. Nyumbani alimwogesha, akambadilisha, akamketisha dirishani, na mwanamke yule aliyekuwa na jibu kwa kila mtu alisema neno moja tu siku ile: "Mbele za watu."

Mwenyekiti aliporudi kutoka semina alieleza kwa upole. "Kikiachwa wazi, watu wenye miguu mizima watakiharibu. Tunakilinda kwa ajili yenu."

"Nipe ufunguo mmoja, baba. Nakuomba." Aliyesema hivyo ni Mama Pindo, ambaye hakuwa na mazoea ya kuomba.

"Nikikupa wewe, yule kipofu muuza viazi atadai wake, na yule wa magongo atadai wake."

"Si ndio wenye choo?"

"Ndiyo, ila lazima kuwe na utaratibu. Tutaunda kamati ya ufunguo."

Kamati iliundwa. Ilikaa ghorofani. Bwana Makufuli hakuisubiri. Alileta msumeno akalikata kufuli lake mwenyewe mchana kweupe, akilitukana kama mtoto aliyemwaibisha. Kesho yake palikuwa na kufuli kubwa zaidi, lililonunuliwa soko jingine. Choo kikabaki kisafi. Kikija kikundi cha wageni hufunguliwa, hupigwa picha, hufungwa. Hakuna choo kilicholindwa hivyo duniani, na hakuna mtu aliyewahi kukichafua, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukitumia isipokuwa mwanamke mmoja, siku moja, akiimba.

Mama Pindo akarudia kiu yake, safari hii kwa ukali zaidi, kama mtu anayejiadhibu kwa kuwa aliamini. Hata nyumbani akawa analowanisha tu mdomo. Mume alimbembeleza, binti alimgombeza, mama mkwe alimletea maji kwa mkono wake mwenyewe akasimama hapo mlangoni mpaka ayanywe. Aliyanywa, kwa heshima ya mama mkwe, na kesho yake akajinyima maradufu. "Mnanitaka nikalowe tena?" aliwauliza. Jibu lilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Mwaka 2022 figo zilikubali yaishe. Alilazwa hospitali kubwa, akawekwa kwenye mashine ya kusafishia damu. Wodi ile ilikuwa na choo kipana, cha kukaa, chenye vyuma, hatua chache kutoka kitandani, hakina kufuli wala kamati. Alikitazama siku ya kwanza kama mtu aliyekutana na jamaa aliyepotea. Akaomba maji. Daktari wa figo, mama wa makamo, akamshika mkono.

"Mama, kuanzia sasa maji ni kidogo sana. Figo hazifanyi kazi, ukinywa yatakujaa mwilini mpaka kwenye mapafu."

Mama Pindo alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Nilipokuwa sina mlango mlinihimiza ninywe," alisema akifuta machozi. "Sasa mlango ninao, mnasema nisinywe. Jamani, kati yenu na Mungu, nani ameandika mchezo huu?" Wagonjwa wa wodi ile nao wakacheka, kila mmoja na mashine yake. Hicho ndicho kicheko chake kikubwa cha mwisho, na tunakileta hapa kama alivyokitoa, hatujakipunguza.

Alifariki Jumamosi asubuhi, tarehe 3 Juni 2023, binti yake akiwa kando. Binti alikuwa anamlowanisha midomo kwa kitambaa. Mama Pindo hakuwa tena na nguvu ya maneno mengi, na akili ilikuwa inaenda sokoni na kurudi.

"Wamefungua?" aliuliza.

"Wamefungua, mama," binti akasema. "Kiko wazi. Watu wanaingia."

"Nipe maji basi," akasema, na binti akampa, kijiko, na kingine. Alimeza akiwa ametulia, kama mtu ambaye hana wasiwasi wa baadaye. Hakuomba kitu tena.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, ambaye amewazika wengi na hakutegemea kumzika huyu. Ameacha kaka, aliyembeba mgongoni na leo amembeba begani. Ameacha mume wake kinyozi, ambaye tangu Jumamosi hajashika wembe. Ameacha binti na kijana wa kiume, mama mkwe aliyemwita "kiti changu" mpaka mwisho, na Bwana Makufuli, ambaye siku hizi hauzi kufuli kabla hajauliza linakwenda kufunga nini.

Mwenyekiti wa soko yuko nasi, safu ya mbele, na familia inamshukuru kwa kufika. Alikuja nyumbani siku ya pili ya msiba na wazo jema: choo kipewe jina la marehemu, na kibao kimeshachongwa. Mume alimuuliza swali moja, kama kiko wazi. Mwenyekiti alisema kitafunguliwa siku ya kuzindua kibao. Familia imekaa, imelitafakari, na majibu yake ni haya. Kibao kisubiri. Maua yasubiri. Risala, kama ipo, msomaji aipeleke nyumbani akaisomee watoto wake. Barabara ya kutoka hapa makaburini inapita sokoni, sote tutapita hapo, na ufunguo uko mfukoni mwa koti la mwenyekiti. Asubuhi alipoulizwa aliugusa. Pale sokoni bado yuko kipofu wa viazi, yuko wa magongo, wapo wajawazito na wazee wa magoti, na kila mmoja wao leo hajanywa kitu tangu alipoamka.

Neno la mwisho ambalo Mama Pindo alisikia duniani lilikuwa habari njema, nayo haikuwa kweli. Bado inaweza kuwa kweli kabla jua halijatua.

Alale salama, asiwe na kiu tena. Na binti yake asibaki mwongo.